Simu Yako Inadhani Waifai ni ya Bure



Kwa yule ambaye hajafika hapa: Kanzenze ni sekta ya wilaya ya Rubavu, kando ya ile barabara inayotoka Gisenyi kwenda Musanze, na ndipo kilipo kituo cha mapokezi cha Nkamira. Wengi wetu tuliovuka mpaka kutoka Kongo tangu mwisho wa 2022 tumepita hapo. Wengine waliendelea hadi kambi ya Mahama, kule Kirehe. Wengine bado tuko. Volkeno ziko karibu, baridi ya usiku si mchezo, na kila jioni watu wakishamaliza kula utasikia sentensi moja inazunguka hangari zote: "Rezo imekufa."

Mimi nasema haijakufa. Imeliwa. Na mlaji mkubwa, mara nyingi, ni simu iliyo mkononi mwa yule yule anayelalamika.

Najua maneno haya yanaudhi. Kuna rafiki aliyeniambia, "Wewe kaka umeanza kutetea makampuni." Hapana. Makampuni nitayafikia, na mashirika nitayafikia pia, wasikimbie. Lakini kazi yangu ya kujitolea, ambayo kwenye karatasi ni kusaidia watu kujaza fomu, imegeuka kuwa kazi ya daktari wa simu, na daktari anaanza na mgonjwa aliye mbele yake. Mgonjwa ninayeletewa kila siku ni simu ya Tecno au itel yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake kuna vitu kumi na tano vinakula data wakati mwenyewe anasubiri ukurasa mmoja ufunguke.

Kwanza tuelewane jambo moja, juu bila hilo utatengeneza pasipoharibika. Waifai si intaneti. Waifai ni njia fupi tu, kutoka simu yako mpaka kwenye kisanduku, au mpaka kwenye simu ya kaka aliyekuwashia hotspoti. Hatua kumi, ishirini. Kutoka hapo kisanduku chenyewe kinapaswa kufika kwenye mnara wa kampuni ya simu, na mnara nao uende mbali huko. Zile alama za waifai unazoziona juu ya skrini zinakuambia habari za ile safari fupi peke yake. Zinaweza kujaa zote na bado usipate hata picha moja. Ni kama pale kwenye maji: bomba uko nalo, umelifungua mpaka mwisho, lakini kama tangi ni kavu, au kama watu wengi wamefungua mabomba yao kabla yako, utapata matone tu. Huwezi kusema bomba ndilo baya.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha miguu. Chukua simu, sogea karibu kabisa na kisanduku, hatua moja au mbili, ufungue ukurasa ule ule uliokusumbua. Ukifunguka haraka, ugonjwa ulikuwa kwenye safari fupi: umbali, ukuta, bati. Ukiendelea kuzunguka, usihangaike tena na waifai. Ugonjwa uko mbele, kati ya kisanduku na mnara, au bando imeisha, au kuna mtu anavuta data yote peke yake. Huyo wa mwisho ndiye nataka kumsema kwa kirefu.

Simu hizi zilitengenezwa kwa kufikiria nyumba ambamo waifai inalipwa kwa mwezi na haihesabiwi. Wakaziwekea akili moja: ukiwa kwenye data ya laini, jibane, ukiwa kwenye waifai, kula unavyotaka. Katika nyumba hiyo ni akili nzuri. Hapa kwetu ni balaa, juu waifai yetu, sehemu kubwa, ni bando ya mtu. Ni franga za mtu aliyebeba mawe siku nzima kwenye shamba la watu.

Sasa angalia kinachotokea. Umenunua bando, umewasha hotspoti ili mdogo wako ajaze fomu. Simu yake haioni bando yako. Inaona neno waifai, inasema leo sikukuu. Hapo hapo Play Store inaanza kusasisha programu zilizongoja wiki mbili. Google Photos inapandisha picha za arusi ya mwaka jana. WhatsApp inashusha video zote za makundi ishirini, pamoja na ile ya mahubiri ya dakika kumi na mbili ambayo hakuna mtu ataitazama. Mdogo wako yeye amefungua ukurasa mmoja tu, wa fomu, na ndio huo unaozunguka. Baada ya muda mfupi ujumbe unaingia kwenye simu yako: bando imekwisha. Hapo ndipo ndugu wawili wanaanza kugombana, kila mmoja anaapa hakutazama kitu. Na wote wawili wanasema kweli.

Dawa iko, na ni ya dakika tano. Ingia kwenye mipangilio ya simu inayopokea, siyo ile inayotoa. Fungua waifai, gusa jina la mtandao uliounganishwa, tafuta mahali simu inapouliza kama mtandao huu unahesabiwa data au la. Simu nyingi za Android zina swali hilo, ila limefichwa, na kwa kawaida limejibiwa "itambue yenyewe". Kuna simu zinazotambua kwa kweli kwamba hii ni hotspoti ya simu nyingine, zikajibana zenyewe. Nyingi hazitambui, na kile kisanduku cha waifai ndiyo kabisa, wanakiona kama waifai ya ofisi. Wewe ichagulie: unahesabiwa. Kuanzia hapo simu inaacha karamu. Kwenye iPhone, kwa wale wachache wenye nayo, ni pale pale kwenye jina la mtandao, kuna kitufe cha kutumia data kidogo.

WhatsApp ina mipangilio yake peke yake, na ndiyo mlaji ninayemkuta kila siku. Nenda kwenye sehemu ya hifadhi na data. Utaona inakuuliza mara tatu nini kishuke chenyewe: ukiwa kwenye data ya laini, ukiwa kwenye waifai, ukiwa ugenini kwenye romingi. Watu wengi wamefunga ile ya kwanza, wanajisifu wameokoa bando, na ile ya waifai wameiacha inashusha kila kitu: picha, sauti, video, nyaraka. Ondoa alama zote hapo. Picha utakayoitaka utaigusa mwenyewe. Pale pale kuna sehemu ya kupunguza data wakati wa kupiga simu, iwashe. Sauti ya mama itabadilika kidogo, lakini itafika bila kukatika katika kila neno la tatu, na kwa mtu ambaye mama yake yuko Masisi na simu anaipata mara moja kwa wiki, hiyo ndiyo tofauti ya kujua na kutojua.

Play Store na Google Photos: ingia, zima kusasisha kwenyewe, zima kupandisha picha. Utasasisha siku utakapokuwa mahali pa waifai ya kweli. Lakini usiache milele, juu programu zinazeeka, na WhatsApp ya zamani sana mwisho inakataa kufunguka.

Hayo ni ya ndani ya simu. Njoo kwenye kisanduku.

Nimeona kisanduku cha waifai kimefungiwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda, na kufuli juu. Nauliza kwa nini. "Wezi." Naelewa, wezi wapo. Lakini chuma ni ukuta ambao mawimbi ya waifai hayapiti, yanarudi yalikotoka. Umefungia intaneti gerezani halafu unailaumu haitoki. Hata bati la ukuta, hata pipa la maji likiwa katikati yako na kisanduku, vinapunguza. Na hapa Rubavu watu wanajenga kwa mawe ya volkeno, ukuta mnene namna hii. Chumba cha pili kinapata kivuli tu cha waifai. Kiweke juu, karibu na dirisha, mbali na chuma. Ukiogopa mwizi, kitoe wakati unatumia na ukirudishe gerezani usiku.

Wengine wananunua kisanduku chenye njia mbili za mawimbi, ya gigahezi 2.4 na ya 5. Ile ya 5 ina kasi zaidi lakini haifiki mbali na kuta zinaishinda. Ile ya 2.4 inafika mbali lakini imejaa watu. Simu nyingi za bei ndogo zinajua 2.4 tu. Ndiyo maana mtu anawasha hotspoti kwenye simu yake mpya, mwenzake anatafuta jina halionekani kabisa, wanaanza kusema simu imerogwa. Haijarogwa. Rudisha hotspoti kwenye 2.4 na jina litatokea.

Na huo msongamano wa 2.4 ni jambo la kweli katika hangari. Njia yake imegawanywa katika vichochoro, na vichochoro ambavyo havigongani ni vitatu tu: namba 1, 6 na 11. Sasa chukua hangari moja yenye familia nyingi, kila kijana amewasha hotspoti yake na ameisahau imewaka, na yule wa kona ana spika ya blututhi inapiga muziki, ambayo nayo inapita njia hiyo hiyo. Ni kama watu ishirini wanaongea pamoja katika chumba kimoja. Hakuna aliyekufa, lakini hakuna anayesikika. Zima hotspoti usiyoitumia. Utaokoa na betri, na sisi wa umeme wa kupangia foleni tunajua bei ya betri.

Mimi naenda mbali zaidi: kama mko watano mnaoaminiana, ni afadhali mchange mnunue bando moja kubwa ya kisanduku kimoja kuliko kila mtu bando yake ndogo na hotspoti yake. Ila mkichanga, badilisheni paswadi. Ile iliyoandikwa nyuma ya kisanduku watoto wote wanaijua kwa moyo kuliko mistari ya Biblia. Fungua kivinjari, andika namba iliyoandikwa hapo hapo nyuma, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1, na ndani utaona orodha ya simu zote zilizounganishwa. Kuna kundi moja hapa lilikuwa la watu wanne. Tulipofungua tukakuta simu kumi na moja. Nilicheka, wao hawakucheka.

Sasa ile safari ndefu, ya kutoka kisanduku mpaka mnara. Hapa uwezo wetu unapungua, lakini haujaisha. Ukitumia hotspoti, kumbuka kwamba simu inayotakiwa kukaa mahali pazuri ni ile inayotoa, siyo ile unayoshika. Watu wanafanya kinyume: simu yenye laini iko mfukoni ndani ya koti, chini ya shitingi, na mwenye fomu anatembea nje akiinua mkono kama anaomba mvua. Iweke ile yenye laini dirishani au mlangoni, upande mnara ulipo, wewe kaa ndani kwenye joto. Waifai itavuka hizo hatua tano bila shida.

Angalia pia kama simu imeruhusiwa 4G. Huku Rwanda 4G ilianza 2014 ikiwa mikononi mwa kampuni moja iliyouzia wengine, mpaka serikali ilipobadilisha sera na mwaka 2023 makampuni ya MTN na Airtel yakaanza kutoa ya kwao wenyewe. Ndiyo maana mtu aliyefika zamani anaweza kukuambia kwa uhakika kwamba hapa 4G ni ya matajiri. Aliyosema yalikuwa na maana wakati huo. Lakini laini ya zamani inaweza kuwa haiijui 4G hata kama simu inaijua, na hiyo inabadilishwa kwenye duka la kampuni, namba inabaki ile ile.

Kwa walio chini kule Gisenyi mjini, karibu na mpaka, kuna mtego wa peke yao: simu inashika mnara wa Goma. Ghafla uko Kongo bila kuvuka. Data inasimama, au kama romingi imewashwa, salio linayeyuka. Zima romingi, na kwenye mipangilio ya laini chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague.

Na saa. Jioni saa moja mpaka saa nne kila mtu yuko kwenye mnara ule ule: kambi, kijiji, watu wa barabarani. Saa kumi na moja asubuhi mnara ni wako na majogoo. Mwaka jana dada mmoja wa hapa alikuwa anaomba nafasi ya masomo, fomu ya kurasa sita, na kila jioni akifika kwenye kutuma ukurasa unarudi mweupe, kila kitu alichoandika kimefutika. Mara tatu. Alikuwa kwenye hotspoti ya kaka yake. Tulifunga zile karamu zote kwenye simu yake, tukaandika majibu yote kwanza kwenye sehemu ya maandishi ya simu ili akibandika asianze upya, na saa kumi na moja alfajiri fomu ilienda kwa dakika chache. Siku ya mwisho ilikuwa siku hiyo hiyo. Kijana wa hangari ya nyuma yake, mwenye pointi nzuri kuliko yeye, alingoja jioni. Jioni ikawa ile ile ya siku zote.

Hapo ndipo mambo haya ya vitufe yanapoacha kuwa mambo ya vitufe. Msaada wa masomo wa DAFI, ambao UNHCR inautoa tangu 1992, una siku ya mwisho. Kepler, ambayo mwaka 2015 ilianza kufundisha mpaka ndani ya kambi ya Kiziba, nayo inachagua kwa tarehe. Tarehe haijui kama ulikuwa kwenye foleni ya mnara. Na ripoti ya UNHCR ya 2016 kuhusu mawasiliano ya wakimbizi ilisema mkimbizi anaweza kutumia hadi theluthi moja ya pesa anazoweza kuzitumia ili tu abaki na mawasiliano. Theluthi! Halafu nusu ya theluthi hiyo unailisha video ya mahubiri uliyoifuta bila kuifungua.

Vitu vya kupita haraka: zile programu zinazojiita za kuongeza kasi ya intaneti ni uongo, zinakuonyesha roketi na matangazo, na matangazo yenyewe yanakula data. VPN ya bure inafanya data izunguke njia ndefu zaidi. Kama huna sababu nayo, izime. Simu iliyojaa mpaka mwisho inakwenda polepole hata ukiipeleka chini ya mnara, juu haina mahali pa kuweka kinachoshuka, futa kwanza. Kuwasha na kuzima hali ya ndege kwa sekunde kumi kunasaidia zaidi ya watu wanavyofikiri, simu inajiandikisha upya kwenye mnara. Na usikimbilie kufuta mipangilio yote ya mtandao kama mafundi wa barabarani wanavyofanya, utapoteza paswadi zote za waifai na tatizo litabaki pale pale.

Sasa yule rafiki yangu ana hoja nyingine nzito zaidi. Anasema: ukifundisha watu kujibana, unawasaidia wenye wajibu kulala. Mkimbizi afunge video, afunge picha, aamke saa kumi na moja, na hakuna anayeulizwa kwa nini mnara hautoshi. Nimeifikiria hoja hiyo, na sehemu yake naikubali. Mtu asiseme kwamba kwa kuwa tumejifunza kunywa matone, bomba ni zima.

Lakini angalia jinsi tunavyolalamika. Mkutano wa vijana na mashirika, mtu anasimama: "Rezo ni mbaya." Mgeni anaandika kwenye daftari, "rezo mbaya", anafunga daftari. Kesho hakuna kitu. Malalamiko ya namna hiyo hayana mkono wa kushika. Sasa kama vijana watano, simu zao zimeshasafishwa, wamepima kasi pale pale karibu na kisanduku, asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki moja, wakaandika namba, hapo hakuna wa kuwaambia "labda ni simu zenu". Kupima ni bure kwa akili ingawa si kwa data: fungua fast.com, itakupa namba moja, iandike, funga mara moja, juu kipimo chenyewe kinakula. Mara tatu kwa siku inatosha. Mimi naona kutengeneza simu zetu ni mwanzo wa kudai, siyo mahali pa kudai.

Na sasa kwenu wakubwa wetu wa mashirika, kwa heshima yote.

Mnapokuja kutuandikisha, mnabeba vidonge vyenye Kobo. Tunaziona. Mnajaza fomu pale chini ya mti ambapo hakuna mtandao hata kidogo, inahifadhiwa, mkirudi ofisini inaenda yenyewe. Mnajua kabisa kwamba mtandao huku unakatika, na mmejipangia. Halafu sisi, kwa nafasi ya masomo au ya mafunzo, mnatutumia linki ya fomu ambayo isipokuwa na mtandao kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho inafuta kila kitu. Kwa nini ile akili mliyojiwekea nyinyi hamkutuwekea na sisi? Fomu inayohifadhi ipo. Mnaitumia kila wiki.

Na tangazo la mistari minane, kwa nini linakuja kama PDF ya kurasa nne zilizopigwa picha, na nembo sita zenye rangi? Maneno yale yale yaliyoandikwa kama ujumbe wa kawaida wa WhatsApp yanafika hata kwenye mtandao ulio taabani, na mama asiyejua kufungua PDF anayasoma au anasomewa. Kwa asiyesoma, sauti ya dakika moja kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Nembo tumeshaziona kwenye mashati yenu, hatujazisahau.

Mkutano wa mtandaoni, tafadhali msitulazimishe kuwasha kamera "ili tuonane". Video inakula data mara nyingi zaidi ya sauti, na katika simu kumi za hangari moja, kamera tatu zinatosha kuwatoa wengine saba nje. Kijana aliyezima kamera hajalala. Anaokoa bando la kumfikisha mwisho wa mkutano wenu.

La mwisho kwenu ni saa ya mwisho ya fomu. Ile ya saa sita usiku inatusukuma sisi sote kwenye mnara saa zile zile mbaya kuliko zote. Wekeni saa sita mchana. Haiwagharimu hata franga moja, na usiku ule wa foleni utakuwa umeondoka.

Kwa vijana wa hapa: Jumamosi hii kuanzia saa tisa nitakuwa nje ya chumba cha vijana na meza. Leta simu ikiwa na chaji, na neno lako la siri la Google kama unalikumbuka. Wanaotaka kuingia kwenye kundi la kupima kasi waje na daftari. Tunahitaji watu wa hangari tofauti, wasiwe wote wa upande mmoja. Na yule mwenye kisanduku ndani ya sanduku la bati, anajijua, aje na ufunguo.